Siku Mama Alipomwomba Radhi Askari

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la mikate.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Mgongo wako unaendeleaje huko kwenye baridi? Na Baba Mdogo, bado anabishana na televisheni? Sisi huku wazima. Mimi nimenenepa, usicheke, anayeuza mikate dirishani kutwa nzima utamlaumu kwa lipi?

Leo nakuandikia habari za Kaka. Tangu tanuri lile la gesi limlipukie, mikono ilipona vizuri, ngozi ikarudi. Akarudi kazini, akawa anakanda unga kama zamani. Lakini akisikia tu kiberiti kikikwaruza, miguu inaganda, jasho linamtoka, anakimbilia nje. Bosi alivumilia weee, mwisho akasema wazi kwamba mwokaji asiyeweza kuwasha tanuri hawezi kumweka, mwezi ukiisha atatafuta mwingine. Na Kaka hajui kazi nyingine, wala haitaki.

Basi akaenda kwa mshauri mmoja, mama mtu mzima mpole, anayetibu watu wenye kiwewe. Yule mama alimwambia kwamba ndani ya kila mtu kuna sehemu nyingi, kama watu wa nyumba moja, na hakuna iliyo mbaya. Ipo iliyojipa kazi ya kulinda siku ile ya mlipuko, na mpaka leo haijaambiwa kwamba hatari imepita. Kaka akaijua mara moja. Akaipa jina, Askari. Ndiye anayemgandisha miguu.

Mshauri pia alimfundisha kupumua, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na kuzisikiliza nyayo zake sakafuni. Akampeleka kwenye darasa la kunyoosha viungo taratibu. Looh, Mama Mdogo! Humo wote ni wanawake waliostaafu, mwanamume ni yeye peke yake, wanamwita Bwana Harusi! Mwanzoni aliona haya. Siku hizi ndiye anayewatandikia mikeka.

Sasa dada yako unamjua. Aliposikia kuna Askari anayemzuia mwanawe kazi, alipandisha hasira. Kaka yuko mezani anakunywa chai, Mama akamsimamia kichwani, akampa huyo Askari vidonge vyake: "Wewe! Nani kakukaribisha? Toka kwa mwanangu, unataka afukuzwe kazi?" Jamani, Kaka alikakamaa mkono mzima, kikombe kikamponyoka. Usiku ule hakula.

Mshauri alipoambiwa hakumlaumu mtu. Alimwita Mama, akamweleza kwamba mlinzi akifokewa huongeza ulinzi. Mama alirudi, hata kanga hakuvua. Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya Kaka, akasema, "Wewe Askari, mimi ndiye mama yake. Sikujua kwamba siku ile, mimi nilipokuwa sipo, wewe ulikuwepo. Nisamehe. Na ahsante." Nililia, sikuficha. Kaka alishusha mabega, nikagundua kwamba tangu ajali alikuwa anatembea ameyapandisha.

Mama Mdogo, mimi nilidhani ushujaa ni kupiga moyo konde. Kumbe kaka yetu ana ushujaa mwingine, wa kukaa na hofu yake akaiuliza inataka nini. Namheshimu hadi naishiwa maneno, na unajua kwangu hilo si kawaida.

Jumatano alituomba mimi na Mama tukae nje ya chumba cha tanuri. Nilichungulia, bila shaka. Aliweka kiganja kifuani, akasema polepole, "Kaa hapo mlangoni uone. Ukitaka tutoke, tutatoka wote." Akakwaruza kiberiti. Njiti ikazimika, akapumua, akakwaruza tena. Moto ukashika, vuuu! Hakukimbia. Alisimama akiutazama, kisha akakaa juu ya gunia la unga, akalia kwa sauti.

Mama hakuweza kuvumilia, akaingia. "Askari anasemaje?"

"Amechoka, Mama. Anaomba alale."

"Basi mwache alale."

Akavua sweta lake akamfunika mabegani, na Kaka akasinzia palepale, kichwa ukutani, tanuri likiwaka mbele yake. Bosi alipofika na kuuliza mikate iko wapi, Mama alimwekea kidole mdomoni anyamaze. Bosi mzima! Akachungulia, akauona moto, akauliza nani kauwasha. Mama akamwonyesha aliyelala. Bosi akavua viatu, akaingia kwa soksi, akaanza kuingiza mikate tanurini mwenyewe.

Nisalimie Baba Mdogo, na ndugu zangu wote hadi yule mkorofi wa mwisho. Mama anakukumbatia. Kaka naye anakusalimu sana. Mungu akupe usingizi kama ule.

Mimi mwanao nikupendaye,
Mwenye Mdomo