Mwano Niliompigia Luka

Alhamisi, 15 Julai 1993

Gari la spika limepita mara tatu leo. Kuku wote wamekimbilia kwenye ua wa minyaa, tetea wangu mwekundu hajarudi mpaka sasa. Nikiyaona manyoya yake mahali, mtu atanitambua!

Wanatangaza tamasha. Mbio za vilimani Jumamosi na Jumapili, dansi usiku, wageni kulala kwenye mahema chini ya mawe makubwa. Mwenye shughuli ni Rushabh, mtoto wa mzee Ramniklal mwenye duka la vitambaa Shinyanga mjini. Alikwenda kusoma Ulaya, akarudi na ugonjwa wa kupanda na kushuka vilima mbio. Sasa anatuambukiza.

Na chini ya mawe ni wapi? Ni kwenye ngitili yetu! Majani tuliyowawekea ng'ombe tangu mvua zilipokatika, hata sisi wenyewe hatuyakanyagi. Mwanangu mdogo Limi alipitisha mbuzi pale mwezi jana, akachapwa mbele za watu. Sasa wageni watatandika magodoro na mtendaji wa kata anachekacheka tu.

Nimemwambia Baba Luka, ninyi sungusungu si ndio walinzi wa kijiji, mbona mko kimya? Akasema ni siku mbili tu, Mama Luka. Kwake kila kitu siku mbili tu. Luka naye alipokwenda Geita kwenye machimbo alisema hivyo hivyo, ataona siku mbili atarudi. Sasa ni miezi sita! Nasikia upande ule duara moja, shimo la dhahabu, limeporomoka na watu ndani. Nani hao, hawasemi. Mimi nikisikia neno duara siku hizi, sahani yangu namsukumia Limi.

Ijumaa, 16 Julai 1993

Malori yamekuja. Mahema ya buluu na ya kijani, jenereta, maspika makubwa kama milango. Wakimbiaji nao wamekuja, wengine wanajeshi, wengine wa kutoka Mbulu, wembamba kama fito. Wamevaa kaptura za kuonyesha mapaja yote. Paskalina jirani yangu kapita na punda wake akacheka mpaka dumu likadondoka. Mama Luka, anasema, hao wangekuwa ng'ombe mnadani nisingenunua hata mmoja!

Mimi sikucheka. Nimeona alama za moto wao kwenye majani. Wamewasha moto, Julai hii, majani yamekauka hivi!

Dansi mpaka sasa. Limi anatingisha mabega kitandani, anadhani simwoni.

Jumamosi, 17 Julai 1993

Sijui nianzie wapi. Nimkasirikie nani kwanza?

Nilikuwa napepeta mtama nyuma ya nyumba. Gari lilitangaza mbio zitapita upande wa bwawa, kule mbali. Basi nikaona mtu anashuka kilima chetu mbio, kifua wazi, miguu peku. Nikasema huyu nani. Halafu nikaona ule mkono wa kushoto, anavyoubana ubavuni tangu mdogo. Luka! Luka ambaye yuko Geita! Na nyuma yake wanaume wanne, mishipa imewatoka, wanamkaribia.

Sikufikiri mbio mimi. Mama gani angefikiri mbio? Nilifikiri wamemfuata kutoka kwenye machimbo. Kule mtu akidhaniwa ameiba mfuko wa mawe ya dhahabu hafikishwi polisi. Nikatupa ungo. Nikapiga mwano, yowe letu la hatari.

Nilipiga kwa koo lote. Sheria ya mwano hata Limi anaijua, ukiusikia acha jembe, acha sufuria, nenda. Ukaitikiwa ng'ambo, ukaitikiwa bondeni, filimbi zikalia. Muda si muda wanaume wametokea kila upande na pinde na rungu, Jilala kamanda wa sungusungu mbele yao amevaa kiatu kimoja. Wale wanne wakakamatwa, wakalazwa chini kifudifudi. Mmoja wa Mbulu kapigwa rungu la ugoko. Analia kwa lugha yao, hakuna anayemwelewa.

Luka karudi mbio. Nikafungua mikono. Mwanangu!

"Mama, umefanya nini? Nilikuwa naongoza!"

Nilikuwa naongoza! Hata shikamoo hakuna.

Rushabh kaja na pikipiki, shati limelowa. Mama, hawa ni wanamichezo, anasema, njia ya bwawani ilikuwa na matope tukaibadilisha asubuhi. Nikamuuliza, ukamwambia nani? Nilimwambia mtendaji. Mtendaji anakaa Tinde, nikamwambia, mimi nakaa hapa! Nimemsema yule kijana mpaka akavua kofia. Akasema samahani, mama yangu. Kwa adabu kabisa. Ndipo nikazidi kuchukia, kwa sababu mtu akishaomba samahani hasira unaipeleka wapi?

Jioni Luka akanieleza, anaangalia moto, haniangalii mimi. Yuko mahemani tangu jana. Hakusema kwa sababu ningemkataza. (Ningemkataza.) Kuna mwalimu wa mbio katoka Arusha. Kijana atakayekuwa wa kwanza, anaondoka naye kwenye gari lake kesho hiyo hiyo, anakaa kwenye kambi yao, analishwa, anafundishwa. Mbio za leo zimefutwa. Zimebaki za kesho tu.

"Na usiposhinda?"

"Kuna lori la Geita linapita Tinde jioni. Narudi kwenye duara."

Ee Mungu wangu. Mtoto alikuwa anatoka shimoni kwa miguu yake mwenyewe, na mimi ndiye nimemfukia!

Bado usiku huo huo. Jilala kaja na wenzake, sasa ana viatu viwili. Akasalimu kwa Kisukuma, mwadila mayo, mwadila. Anasema mwano wa bure haujawahi kupigwa kijiji hiki. Kesho asubuhi mkutano. Nyumba nzima ifike, na Luka hasa, kwa sababu mwano ulikuwa wake. Asiyefika, nyumba yake inatengwa.

Nikamwomba iwe mchana. Nikapiga magoti, na magoti yangu yanavyouma! Nikamwambia kijana ana mbio asubuhi.

"Sungusungu haingoji mpira, Mama Luka."

"Si mpira, kamanda. Ni mbio."

"Mbio! Mtu mzima anakimbia, mbele hana ng'ombe aliyepotea, nyuma hana mwizi. Ndiyo kazi hiyo?"

Wenzake wakacheka. Na Baba Luka alikuwa amekaa pale pale, anachokonoa meno.

Jumapili, 18 Julai 1993

Nimemwamsha Luka kabla ya jogoo. Nimempa uji wa ulezi na viazi viwili. Nikamwambia pita nyuma, kwenye tundu la minyaa, nenda ukakimbie.

Akasema Mama, watawatenga. Nikamwambia mimi nimeolewa na baba yako miaka ishirini na mbili, kukaa bila kuongeleshwa nimeshazoea.

Akacheka! Mara ya kwanza tangu aje. Akashika mkono wangu, akasema shikamoo. Sasa ndiyo anaikumbuka. Marahaba, nenda, nenda!

Nimegeuka, Baba Luka kasimama mlangoni. Yeye ni sungusungu, kala kiapo, akiona lazima aseme. Tukatazamana. Akarudi ndani akajilaza, akageukia ukutani, akasema kwa sauti kubwa kabisa: "Leo nimelala kama gogo. Sijaona kitu." Miaka ishirini na mbili, hilo ndilo neno tamu kuliko yote aliyonipa. Lakini bado namkasirikia la jana.

Mkutano. Mimi, Baba Luka, Limi kwenye vumbi katikati. Luka yuko wapi? Nikasema mimi ndiye niliyepiga, niulizeni mimi. Jilala akasema hatumuulizi mama, tunamuuliza mwenye mwano. Nikawaambia mama akiona mtoto wake anafukuzwa afanye nini, asubiri aulize kama ni michezo? Wanawake wakaguna, wengine wakaniunga mkono chini chini. Wanaume wakaangalia pinde zao. Wale wale ambao kwenye misiba yao mimi ndiye ninayepika ugali!

Tukiwa pale pale tulisikia spika za kwenye mawe. Muziki ukakatika. Watu wakapiga kelele, kelele ndefu, hata Jilala akatega sikio. Kuna mtu kafika. Nani? Upepo ukageuka, tukasikia mbuzi tu.

Hukumu: tumetengwa. Hakuna kutupatia moto, chumvi, salamu, wala kutubebea mgonjwa. Hakuna kuongea nasi neno lolote mpaka Luka aje mwenyewe, kwa miguu yake, asimame mbele ya mkutano aombe radhi.

Basi nikacheka. Mbele yao! Wakadhani nimechanganyikiwa. Kama ameshinda, yuko njiani kwenda Arusha, nani atamleta? Tutatengwa mwaka. Tengeni! Tengeni hata miaka!

Lakini kama hakushinda?

Jumatatu, 19 Julai 1993

Hajaja. Hilo halisemi kitu. Akishinda haji, akishindwa haji. Gari la Arusha na lori la Geita yote yanapita Tinde, yote jioni, moja linakata huku na jingine kule.

Na kijiji kizima kinajua! Nusu yao jana mkutano ulipovunjika walikimbilia kwenye mawe kucheza dansi. Waliona kwa macho yao aliyepanda gari la Arusha. Nimefika kisimani, wanawake walikuwa wanapiga soga mpaka nawasikia toka mbali, nilipotokea kimya kama msibani. Nikauliza, nani kashinda? Nikauliza tena. Mmoja akainamia ndoo. Mwingine alikuwa na tabasamu, lakini la nini? La kunifurahia au la kunicheka? Nilitaka kulipangua lile tabasamu nione nyuma yake kuna nini.

Limi nimemtuma kwa watoto. Wamemkimbia. Kamoja kadogo kalifungua mdomo, mama yake akakaziba kwa kiganja. Limi karudi analia na mimi nikamfokea, maskini ana kosa gani? Nimempa karanga zote zilizobaki.

Nimekwenda kwenye mawe. Hakuna mtu. Majivu, makopo, majani yamelala chini kama nywele za aliyeamka. Ng'ombe watakula nini mwezi wa tisa, Rushabh? Utawapa vitambaa?

Nikatembea mpaka Tinde. Muuza chai wa stendi hanijui, akaongea nami. Ndiyo mama, gari la Arusha lilisimama hapa, kijana akashuka kunywa maji. Wa namna gani? Mwembamba, miguu peku. Nikataka kumbusu! Halafu akasema, lori la Geita nalo lilikuwa na vijana wengi, wembamba, miguu peku. Ninyi wote si mnafanana, mama?

Hatufanani! Luka anabana mkono wa kushoto. Ulimwangalia mkono? Akasema mama, mimi naangalia vikombe vyangu.

Mzee wa baiskeli aliyekuwa anarudi kijijini kwetu nikamwita anipakie. Akanyanyua macho juu kama anaangalia mvua. Julai! Akapita. Nimerudi kwa miguu natukana njia nzima.

Kesho nitatafuta namna ya kufika mjini, kwenye duka la Ramniklal. Baba Luka anasema subiri siku mbili. Siku mbili!

Jumanne, 20 Julai 1993

Naandika nimekaa nyuma ya minyaa, kijitabu magotini, ili mikono hii isitoke kumkaba mtu.

Nilikuwa nafunga kilemba niende mjini. Paskalina kaja na punda wake na madumu ya maji. Kasimama pale ulipo uwazi wa minyaa, mgongo kanipa mimi. Nikajua ni sheria, lakini iliniuma, Paskalina tumezaa siku moja! Halafu akaanza kuongea na punda.

"Wewe punda, unabeba maji tu, habari za dunia huna. Jumapili nilikuwa kule kwenye mawe. Yule mtoto wa mwenzangu, punda wee, alipotokea kwenye kona ya mwisho…"

Kengele ya baiskeli! Jilala. Huyu mtu ana pua ya fisi!

"Paskalina, unaongea na nani?"

"Na punda wangu, kamanda. Au naye katengwa?"

"Anakujibu?"

"Ana adabu. Anasikiliza mpaka mwisho, si kama wengine."

Jilala kaegemeza baiskeli, kakaa juu ya jiwe, kasokota tumbaku taratibu, kaiwasha. Endelea, anasema, maliza habari zako na punda, na mimi nisikie. Paskalina anafungua kamba ya dumu, anafunga, anafungua. Kona ya mwisho! Alitokea kwenye kona ya mwisho akafanyaje? Alikuwa mbele? Alikuwa amelala chini? Mtu anaachaje habari kwenye kona!

Nimetamani kutoka nimpasulie Jilala lile dumu kichwani.

Nikasikia mlango. Baba Luka katoka, kigoda mkononi, kapita mbele yangu. Kaenda mpaka barabarani. Kakiweka kigoda katikati ya Jilala na punda, kakaa, mgongo mpana kamgeuzia Jilala. Anamtazama Paskalina.

Jilala kainuka nusu. Hawezi kumwambia ondoka. Akimwambia, ameongea na sisi!

Jua limepanda. Tumbaku imezimika mkononi mwake. Paskalina anamtazama Jilala, anamtazama mume wangu. Hakuna anayeondoka. Na mimi sitoki hapa.

Haya, Paskalina. Sema na punda wako.