Somo, Zuhura Amevaa Shanga Zangu

Somo yangu,

Zuhura sasa hivi ametoka uani na shanga zangu nyekundu shingoni. Kazitungua kichwani pa kitanda, kajizungushia, huyo, akapita mbele ya bibi yake kama bi harusi. Mimi nilikuwa najifunga kanga, sikuwahi kumkamata. Baba yake ndiye aliyezivua. Akazificha kiganjani mama mkwe wangu asizione, akaja nazo chumbani, akaziweka godoroni taratibu. Akasimama anaziangalia. Kisha akasema, "Kila mwezi nikizikuta hapa na mimi moyo unashuka." Akatoka.

Somo, mimi miezi yote hii nilidhani ananyamaza kwa hasira.

Sina wa kumwambia, ndiyo nimechukua daftari la Zuhura nikuandikie. Kaburini kwako siwezi kusema haya, kila nikija wifi yangu ananisindikiza na masikio yake. Na uandishi wangu unaujua, wa darasa la saba, utanivumilia.

Shanga hizi ulinipa wewe siku ulipomaliza kunifunda. Nyekundu nikiwa kwenye siku zangu, nyeupe nikishatoharika, mume aone mwenyewe. Jambo likizidi hapo, ukasema, lilete kwangu. Na kweli nilikuletea. Unakumbuka mume wangu alipohamia shambani kwa kununa? Ulimfuata na bakuli la mihogo, ukamsifia mikorosho yake mmoja mmoja mpaka akajisahau, akarudi nyumbani mwenyewe kabla ya magharibi. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Sasa nyumba yako anakaa mpwa wako, ameiezeka bati. Wasichana wa mwaka huu wamefundwa na mwingine, nyimbo anaweka kwenye simu. Na mimi likizidi sina pa kulipeleka.

Tangu Zuhura aache kunyonya natundika nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Sasa meno ya utoto yanamng'oka. Mama mkwe anasema mtoto huyu kaziba njia, anasema na mwenyewe anasikia. Mwezi uliopita Zuhura kaniuliza, "Mama, nimeziba nini?" Hapo ndipo nilipoamua kwenda hospitali Lindi.

Nilikwenda naye, sikuwa na wa kumwachia. Wakaniona na mtoto, wakanielekeza kwenye foleni ya kupima uzito. Wanawake wakacheka, "Mama, huyo si atauvunja mzani?" Nikacheka nao, nikaona haya kusema nilichofuata. Nikakaa hapo mpaka foleni ikaisha. Nikamnong'oneza muuguzi, akanihamishia benchi la wanaotafuta mtoto, na dada mmoja hapo akaniuliza, "Huyu wa nani?" Nikamwambia wangu. Akamtazama Zuhura, akanitazama mimi, akageukia ukutani. Sikumlaumu. Kwa wenzangu wenye watoto nilikuwa nimepungukiwa, na kwake yeye nilikuwa mlafi. Somo, sijawahi kukaa katikati ya watu wengi nikawa peke yangu namna ile.

Daktari ni kijana, mtu wa bara. Sikujua nimwamkie au aniamkie, tukaanza na salamu za kugongana. Akaniuliza siku zangu za mwisho nilipata lini. Nikamjibu, "Nyekundu nilizitundika mwezi ulipoandama." Kalamu ikasimama. Muuguzi, mtu wa kwetu, akainamia meza anajizuia kucheka. "Dokta, andika mwanzo wa mwezi. Nitakueleza baadaye, ukioa huku utakuja kunishukuru." Daktari naye akacheka, na mimi nikapumua.

Akanipima. Nilitazama dari nikakuwaza wewe, mkono wako ungekuwa kwenye paji langu. Akasema mpaka hapo kwangu haoni tatizo, vipimo vingine vitafuata, lakini haendelei bila kumwona mume wangu. "Hii ni kazi ya watu wawili, mama. Njoo naye siku yoyote ya kazi." Akasema mtu aliyewahi kuzaa anaweza kukwama, mke au mume, na mara nyingi linatibika. Neno hilo nimelibeba mpaka nyumbani Rutamba kama yai.

Lakini Somo, hakuna shanga ya kusema twende hospitali ukapimwe. Nilizitafuta rangi zote kichwani. Siku nzima nilizunguka na maneno yale. Mwishowe nikamkuta anasafisha pampu ya kupulizia mikorosho, nikaanza kuisifia mikorosho kama wewe, nikashindwa katikati, nikayatoa yote mara moja. Akaniambia, "Mimi nipimwe nini, na Zuhura ana pua yangu?" Nikamjibu, "Na ana masikio yangu, na mimi nimepimwa." Sijui nilipata wapi kinywa kile. Akabeba pampu akaenda zake. Tangu hapo ni salamu tu, na chakula anakula, mpaka leo Zuhura alipozivaa shanga.

Basi, Somo yangu, lala kwa amani. Mungu akupanulie nafasi. Nakuahidi Zuhura sitamwacha abebe neno la kuziba njia, hata kama hatapata mdogo wake. Na zikifika siku zake nitamkalisha nimfunde kuhusu shanga, nimfunde na kusema kwa mdomo, maana kuna siku shanga hazi...

Ananiita. Yuko mlangoni, kavaa shati lake la Ijumaa. "Mama Zuhura, vaa twende. Gari la Lindi likitupita leo, kesho sitakuwa na moyo huu."

Somo, kasema twende. Nikirudi nitakuja kwako peke yangu, wifi nitamwacha, nikae nikueleze kila...