Kiti Kina Mwenyewe

3 Machi

Mama,

Sasa hivi mjukuu wako, somo yako, amekanyaga maji ya deki, akaacha nyayo mbili mbele ya kiti cha jikoni, akakipungia mkono. Nikamuuliza anampungia nani. Akasema Bibi. Basi nimeegesha fagio nikuandikie.

Shikamoo, Mama. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, ila tangu baba yake aondoke bila kuaga nyumba ina kimya ambacho kelele za mtoto haziwezi kukijaza.

Usinicheke. Nimepata kazi ya usafi kwenye hekalu la Wabudha, pale wanapoacha viatu mlangoni. Siku ya kwanza nikakuta jiwe limechongwa mti, chini yake kiti, mbele yake nyayo mbili, na watu wamekiinamia. Kitini hakuna mtu. Nikasema yameshanikuta: sanamu imeibwa, na mfagiaji ni mimi. Nikamkimbilia mama mtawa anayetunza ukumbi, nikaapa sijagusa kitu. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kumbe wachongaji wa kale hawakumchonga Budha mwenyewe. Walichonga kiti chake, nyayo zake, na gurudumu la mafundisho yake, na mtazamaji akajua yupo.

"Hicho kiti kina mwenyewe," akaniambia.

Nilirudi nyumbani nikaweka kiti chako. Njoo ukikalie, Mama. Mtoto anakujua kwa jina tu.

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inauma, mdomo uko mzima. Kwanza ulimfuata mwanamume niliyekukataza, sasa unapangusa miungu ya watu. Mtoto mwenye jina langu asifundishwe kupungia viti. Mimi huko siji. Na hata ningekuja, viatu vyangu sivui kwa ajili ya mawe.

Nichoree unyayo wake kwenye karatasi. Nataka kujua mguu umefika wapi, basi.

Mama yako

19 Juni

Mama,

Shikamoo. Tangu nikutumie ule unyayo sijapata hata neno. Alicheka sana kalamu ilipomtekenya, ndiyo maana kisigino kimekaa upande. Sijui ulikufikia, sijui miguu imekuzidi, sijui bado una hasira na mimi.

Leo nimebadilisha maji kwenye vibakuli vilivyo mbele ya kile kiti cha Budha. Mama mtawa anasema wanatoa maji kwa sababu hata asiye na kitu anaweza kuyatoa bila moyo kumuuma. Jioni vinamwagwa na kufunikwa kifudifudi. Kibakuli kitupu hakiachwi kikitazama juu. Nikawaza kiti chetu. Jana jirani alitaka kukikalia, nikamwambia kina mwenyewe, akanitazama kama nimeanza kuokota makopo. Basi leo nikirudi nitakigeuzia ukutani. Mimi kungoja nimezoea. Mtoto sitaki azoee.

Amelala mgongoni kwangu, ananitia joto shingoni. Nimekaa ngazi za nyuma, nikimaliza mstari huu nikapige deki uku

Subiri, mama mtawa ananiita. Anasema kuna mama mmoja mlangoni, kashika viatu vipya vya mtoto, vyake amegoma kabisa kuvivua, na anauliza somo yake yuko