Samaki wa Mbao Anayelala Ubavu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Gordon amesema. Amemaliza chai, akaweka kikombe chini, akasema boti inauzwa. Maroa wa Isebania anakuja kuichukua Jumatatu ijayo, saa kumi. Kisha akageukia ukuta.

Tangu Oktoba, ndoano ya mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwani, ilipomwingia kiganja cha kushoto na vidole vikakataa kukunjika, mume wangu anaangalia ukuta. Kamba ya ndoano mia mbili haivutwi kwa mkono mmoja, hilo naelewa. Lakini boti ikienda, huo ukuta utakuwa mke mwenzangu!

Jioni nikifagia chini ya kitanda nimepata kile kisamaki cha plastiki kilichowahi kunasa kwenye wavu wake. Cha watalii. Mdomo umevunjika. Nikamuuliza kilifanya kazi gani. Akasema, bila kugeuka, kwamba wazungu hukivuta nyuma ya boti kwa mshipi mmoja, kinacheza-cheza, mbuta anadhani ni fulu, kale kasamaki anakokula, tena mgonjwa, anameza.

Mshipi mmoja. Mkono mmoja!

Mimi ni binti wa Nyamweya wa Tabaka, kule Kisii kwa wachongaji. Nimechonga samaki wa jiwe la sabuni tangu darasa la nne. Wa mbao ndiye atanishinda?

Jumanne, 4 Machi

Wa kwanza tayari! Saiprasi, kipande nilichoomba kwa fundi wa majeneza. Urefu wa kiganja. Waya wa spoki ya baiskeli. Rangi ya kucha ya binti yetu Mourine, ile ya fedha — akirudi kutoka shule ya bweni ataniua.

Nimemweka kwenye karai. Akalala ubavu kama mlevi. Nikatoboa tumbo kwa msumari wa moto, nikatia kipande cha risasi ya kuzamishia wavu. Akasimama wima! Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni.

Ziwani, shida nyingine. Nikivuta, anapanda juu, hazami. Mdomo, kile kibao cha mbele kinachomzamisha, ulikuwa mdogo. Nimekata mwingine kwenye CD ya kwaya iliyokwisha kukwaruzika. Sasa anazama NA anatikisika! Nimeusikia mtikisiko mpaka kwenye kiwiko. Gordon akasema mbuta wataanza kuimba nyimbo za Sabato. Utani! Wa kwanza tangu Oktoba.

Lakini anavuta kushoto kidogo. Nimepinda jicho la waya, pale mshipi unapofungwa, upande wa kulia. Afadhali.

Alhamisi, 6 Machi

Gordon amempeleka samaki wangu majini kwa injini, mshipi ameufunga kwenye boti. Mimi nimebaki ufuoni, maana kwa watu wake mwanamke hakanyagi boti ya kuvulia. Samaki hukimbia, wanasema. Miaka kumi na saba nimekula samaki wa boti hiyo na sijawahi kuikalia.

Amerudi.

"Analala," akasema.

Analala upande gani? Ukienda polepole au ukikaza? Mara moja au baada ya muda? Analala tu, akarudia. Nilitaka kumpiga na kasia. Daktari hatibu mgonjwa kwa neno moja!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepinda jicho mpaka likakatika. Nimechonga wa pili. Analala. Kushoto. Nimechonga wa tatu, mwembamba zaidi, risasi nimeisogeza mbele. Kushoto! Mbao tofauti, risasi tofauti, ugonjwa ule ule. Gordon ananiambia niache, nisijichoshe. Amesema kwa upole, na huo upole ndio umeniumiza. Akinigombeza najua bado yupo.

Jua linazama, Sabato inaingia. Kisu nimekifungia kabatini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata! Nimepata nimepata nimepata!

Baada ya ibada, Orpah, shemasi wetu, alitualika chakula. Nimeketi na sahani ya ugali, mbele yangu kabati la vyombo, na juu yake samaki wa jiwe ambaye baba yangu mwenyewe alimchonga. Nilimpa Orpah siku ya harusi yake. Mkia umekunjwa kushoto.

Baba alinifundisha hivyo. Samaki mnyoofu ni maiti, alisema. Mkunje mkia, mnunuzi aone anaogelea. Sisi sote Tabaka tunakunja. Mkono wangu unakunja hata nisipouambia, na daima kushoto, kwa sababu nashika kisu kulia. Kidogo tu, ukiangalia haraka huoni. Kwenye kabati anaogelea vizuri kabisa. Kwenye maji mkia huo ni usukani!

Nikaacha kula. Ilikuwa saa nane. Jua halishuki! Orpah akaniuliza mbona naangalia dirisha kila mara, kuna mtu namngoja? Nikamwambia natafakari mahubiri. Mungu anisamehe, nilikuwa natafakari mkia.

Jua lilipozama nilikuwa tayari mlangoni kwangu na ufunguo wa kabati mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga mstari wa penseli mgongoni, kutoka pua hadi mkia, na kila mkono ulipotaka kukunja nimeuzuia. Ilikuwa kama kumkatalia baba mezani pake. Ametoka mnyoofu. Mbaya! Maiti hasa. Tabaka wasingemnunua hata wakiongezewa mwingine bure.

Nimemvuta kando ya mawe. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, na njia yake imenyooka! Nikavuta mbio, hakulala. Nikageuka kumtafuta wa kumwambia, kumbe Gordon alikuwa nyuma yangu. Amekuja mwenyewe. Alichukua mshipi akavuta mara saba, nilihesabu. Halafu uso ukamwanguka.

Akanionyesha mkono wake mzima. Huu ndio wa usukani wa injini, akasema. Wa kuvuta mshipi mbuta akila uko wapi?

Sikuwa nimefikiria injini. Wiki nzima! Nilitamani ziwa linimeze.

Tulikuwa tumefika nyumbani aliponiita binti wa Kisii kwa lugha yake, akiangalia kwanza kama jirani anasikia:

"Nyar Kisii, kesho alfajiri utaingia. Mimi nitaendesha, wewe utashika."

Jumatatu, 10 Machi

Saa tisa na dakika arobaini mchana. Naandika kwa haraka, mkono umefungwa leso.

Nimepanda boti! Roseline anayeanika dagaa wa omena ufuoni alituona akaacha kazi, akasimama tu. Sijui wataongea nini, na waongee.

Tulipita mwamba wa pili. Kisamaki kinacheza nyuma yetu, nakisikia vidoleni. Gordon ananiambia punguza, ongeza, acha. Kisha mtikisiko ukakoma. Nikafikiri nimenasa jiwe. Jiwe likaondoka!

Siwezi kueleza. Mshipi ulinikata kiganja. Mbuta aliruka mara moja, mdomo wazi, mkubwa kama mbuzi. Gordon aliacha injini akaja kushika nyuma ya mikono yangu, mkono mzima na ule mbovu, tukavuta pamoja. Halafu, tap! Tukaanguka chali wote wawili. Fundo langu ndilo lililoachia. Mbuta ameenda na maiti yangu, na CD ya kwaya, na wiki yangu nzima.

Nikaanza kulia. Gordon alikuwa chali ndani ya boti anacheka. Anacheka mpaka anakohoa! Akasema amekula, umemwona, amekula.

Tangu turudi hajauangalia ukuta. Yuko mezani. Amebana kipande cha saiprasi kwa kile kiganja cha kushoto, vidole haviwezi lakini uzito unaweza, na wa kulia unapiga msasa. Hatujasema lolote kuhusu saa kumi.

Gari limesimama nje. Pikapu. Amewahi, huyu Maroa.

Hodi.

Namwangalia Gordon. Hageukii mlango; anapuliza vumbi, anainua kisamaki usawa wa jicho, analifumba lile lingine.

Hodi ya pili.

"Nyar Kisii," ananiambia, "hebu angalia huu mkia. Umenyooka?"