Paka Ndani ya Sweta ya Mama

Shume, Jumatano jioni

Amekula. Naanza na hilo, kwa sababu tangu juzi, nilipomtoa kwa mama yake kule kwa jirani, huyu paka mdogo alikuwa analia tu. Maziwa aliyanusa akageuka. Uji aliukanyaga.

Leo asubuhi, na ukungu wote ule, nikamkuta ametulia mno kwenye boksi lake. Niliogopa. Nikamfunga kwa kanga, nikaenda naye jikoni alikokuwa Mama anaota moto.

Mama mwenyewe, tangu tumzike Baba, chakula anakionja tu na kusukuma sahani. Nami nilidhani angenifukuza, maana paka hajawahi kuwapenda.

"Mlete," akasema. "Huyu anataka joto kwanza. Nani anakula huku anatetemeka?"

Akamtia kifuani, ndani ya sweta. Alipotulia, Mama akachukua dagaa wa kuchemsha, akamtafuna mpaka akalainika, akampa kwa ncha ya kidole. Paka akalamba. Akalamba tena, kisha akang'ata kidole chenyewe.

Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa sauti kubwa hivyo.

Akaendelea kutafuna. Dagaa mmoja akampa paka, mwingine akammeza mwenyewe. Alipoona ninamtazama akasema, "Unashangaa nini, mwanangu? Nisongee ugali."

Nikausonga upesi kabla hajaghairi. Akaula wote, taratibu, paka akikoroma kifuani.

Kesho sijui itakuwaje. Ila dagaa nimeloweka wengi.