Oti-Mwitu Katika Ngano Yetu

Mpendwa Baba Kendi,

Ngano ya shamba la juu, hapa Kibirichia, imeanza kutoa masuke. Leo nilipita humo na binti yetu, nikakukumbuka ukiwa umepiga magoti kwenye umande, msimu ule tulipoona ile nyasi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa bado changa, na mimi niliona ngano tu. Ukavuta jani, ukanionyesha linapokutana na shina.

"Ngano ina vijisikio viwili vinavyokumbatia shina. Hii haina, ina kijiulimi cheupe tu. Ni oti-mwitu, Mama Kendi. Si ya huku. Ililetwa na mbegu za ngano kutoka ng'ambo."

Baadaye ulimwekea Kendi kiganjani mbegu moja iliyokomaa, yenye manyoya, ukaidondoshea maji. Udevu wake mweusi ukaanza kuzunguka wenyewe. Mtoto akapiga kelele, huku anacheka. Ukamwambia ndivyo inavyojichimbia udongoni. Nyasi yenyewe huishi msimu mmoja, ulisema, lakini humwaga mbegu kabla ngano haijaiva, nazo zinaweza kulala ardhini miaka.

Kisha ukaugua. Msimu huo hakuna aliyepalilia. Nilikuwa kando ya kitanda chako hospitalini, Meru mjini. Ukaniuliza, "Imechanua?"

"Imechanua. Imeipita ngano kwa urefu."

Ukafumba macho, nikadhani umelala. "Basi mwakani usipande ngano. Panda viazi, upalilie sana."

"Tutapanda pamoja," nikasema. Wiki hiyo hiyo tukakuzika.

Nilipanda viazi. Ndugu yako alitaka nikodishe shamba, nikakataa. Kila nilipoinulia viazi udongo, jembe lilikata miche ya oti, na kila msimu ilipungua.

Sasa ngano imerudi. Leo Kendi aliona shina moja, akapapasa jani. "Mama, hii haina masikio." Nikaling'oa. Huenda mbegu yake ilianguka wewe ukiwa bado unapumua. Nilisimama nalo pale nikilia, mpaka mtoto akanifungua vidole polepole, akalitia kwenye gunia la magugu.

Majirani wanasema nimelisafisha shamba. Wananisifu sana, lakini sauti niliyotaka kuisikia ni yako.

Pumzika, Baba Kendi. Palizi tumemaliza.

Mkeo,
Mama Kendi