Salamu Zimefungwa Hadi Mlingoti Ulale

Baba Mwanasha, mume wangu,

Mtoto ameondoka. Ameenda Turkana, kwenye visima vya mafuta, na mimi usiku huo nililala mpaka alfajiri bila kuamka hata mara moja. Nimeyatanguliza haya mawili kwa sababu najua ndiyo ungeyauliza kwanza. Tangu Mungu akuchukue nimekuwa nikiandika hofu zangu katika shajara, kila ukurasa na tarehe yake, na hakuna aliyezisoma. Hii ya leo nimeona niiandike waziwazi, asome pia yeyote mwenye mtoto anayetaka kazi ambayo mzazi anaiogopa.

Unakumbuka uliporudi kutoka huko Turkana mara ya kwanza? Nilikuuliza unafanya nini hasa, maana watu wa Msambweni walikuwa wakisema unachimba mafuta. Ulicheka. Ulichukua chupa ya soda iliyokuwa mezani, ukatumbukiza mrija ndani yake, ukaniambia, "Hiki ndicho kisima. Kuchimba wamechimba wengine. Sisi tunakuja kikiugua." Ukaniwekea kidole juu ya mdomo wa chupa ili kiwe lori lenu: lori refu lililobeba winchi ya kukunja waya na mlingoti wa chuma uliolala mgongoni. Lori likifika kisimani, mlingoti unainuliwa mpaka unasimama juu ya mdomo wa kisima, waya wa chuma unashuka, na mabomba yanavutwa kutoka chini, moja baada ya jingine, mpaka pampu mbovu itokee. Inabadilishwa, mabomba yanarudishwa, mlingoti unalazwa, mnaondoka.

"Kumbe nyinyi ni madaktari," nilikwambia.

"Madaktari wenye grisi," ulinijibu, kisha ukakinywa kisima chote.

Kazi ya huko iliposimama ulirudi nyumbani, ukapata kibarua na lori la namna ile ile, dogo zaidi, la kuhudumia visima vya maji. Nilishukuru sana. Niliona sasa hatari imebaki huko jangwani, kwenye mabomba mazito na upepo wa mchanga. Hapa kulikuwa na visima vya hoteli za Galu, vya mashamba ya Bongwe, vya shule. Ulitoka asubuhi na jioni ulikuwa nyumbani. Nani angefikiri kwamba kule jangwani ungerudi na vidole vyako vyote, halafu uje uvipoteze viwili nyumbani kwa sababu ya salamu?

Watu bado hawaamini nikiwaeleza. Ulikuwa Galu, nyuma ya hoteli, unauelekeza waya ujikunje vizuri kwenye winchi. Mzee mmoja akapita njiani, akawatolea salamu kama mtu yeyote mwenye adabu. Nawe, mtoto wa watu uliyelelewa vizuri, uligeuza uso umwitikie. Uso uligeuka, mkono ukaufuata waya. Na yule mzee, maskini, hakuwa ameona lolote, uliniambia bado alikuwa akiuliza, "Na nyumbani je? Na watoto?" wakati Mutua, mwenzako wa kwenye lori, anazima injini huku akipiga kelele.

Yule mzee alikuja kukutazama hospitali kila siku. Kila siku. Alikuwa akikaa kitandani kwako na kuanza tena habari za nyumbani, habari za watoto, habari za shamba, mpaka muuguzi akamwambia, "Mzee, huyu mgonjwa vidole vimeshatosha, muache apumzike." Ulicheka mpaka bendeji ikaloa. Mimi sikucheka. Nilikaa na begi la nguo zako miguuni, nikajiapiza kwamba katika nyumba yangu kazi ya winchi itaishia kwako.

Uliporudi kazini ulirudi na desturi yako mpya. Kabla mlingoti haujainuliwa, ulizunguka uwanja mzima ukisalimia watu wote: wenye kisima, majirani, akina mama waliokuja na ndoo, watoto. Shikamoo kwa wanaostahili shikamoo, mkono kwa wa kupewa mkono. Mutua alikuwa akikutania kwa Kiswahili chake cha bara, "Boss, umeruka yule mbuzi. Atasema sisi ni watu wa madharau." Ukimaliza ulifunga kamba kuzunguka kisima, ukasimama mbele yao na kutangaza: "Jamani, salamu zimefungwa. Zitafunguliwa mlingoti ukilala." Kuanzia hapo, awe nani, hata akija imamu, hakuna wa kumwitikia. Aliyeshika winchi alitazama mikono ya mtu mmoja tu, yule anayemwonyesha pandisha, teremsha, simama. Basi.

Wengine walikuelewa. Wengine walisema umeota mapembe. Yule mama wa Bongwe mwenye shamba la mapapai alisema mbele yangu, "Mwanamume huyu anafunga salamu kama anayefunga duka." Lakini hakuna aliyeumia tena mikononi mwako. Na Mwanasha, aliyekuwa akikufuata kazini kila likizo, alikuwa akiyatazama yote.

Ulipofariki nilidhani angeacha. Hakuacha. Mutua alimchukua, akampa winchi, na mimi nikawa nahesabu vidole vyake kila jioni akinawa. Nilifanya hivyo kwa siri, kwa macho tu, mpaka siku moja akaniambia, "Mama, vipo vyote. Hivi hapa." Akavinyoosha mbele ya uso wangu, akaenda zake kula.

Kisha ikaja ile simu. Kampuni moja inayohudumia visima vya mafuta ilikuwa inatafuta mtu wa winchi, wa lori kubwa, kama lile lako la kwanza. Alikuja kuniambia nikiwa napepeta mchele. Hakuniambia anaenda. Alisema, "Mama, nataka kwenda, lakini siendi kama huniruhusu." Hilo ndilo lililonimaliza. Angesema anaenda tu ningegomba, nikalia, yakaisha. Sasa alikuwa ameniwekea mlango mkononi.

Nilimwambia, "Nitakuona kwanza ukifanya kazi. Kwa macho yangu. Halafu nitasema."

"Na baba mkubwa?"

"Mimi ndiye ninayesema."

Lakini nilijua kaka yako naye atakuwa na lake. Unamjua Shemeji Bakari. Tangu siku ya arobaini yako amejipa kazi ya kuwa baba katika nyumba yetu, na ameifanya kwa moyo, simlaumu. Ila kazi ya mtoto wa kike kupanda juu ya lori la winchi hajawahi kuimeza. Aliposikia kuwa naenda Kikoneni kumtazama Mwanasha, alisema naye atakuja, ajionee.

Kisima chenyewe ni cha wakulima wa huko, pampu ilikuwa imekufa na watu walikuwa wakichota maji mbali. Tulifika mapema. Mwanasha alishuka garini na ovaroli yako. Ndiyo, ile ya buluu, ameipunguza mikono. Akaanza kuzunguka. Baba Mwanasha, laiti ungeona. Alisalimia vile vile kama wewe, bila haraka, akiinama kwa wazee, akiwauliza akina mama hali za wagonjwa wao. Alipofika kwangu akaniamkia kama hatukuwa tumeamka nyumba moja. Mutua, ambaye sasa ana mvi na kitambi, akasema, "Leo hakuna mbuzi, twende kazi." Akafunga kamba, naye Mwanasha akasimama na kutangaza yale yale maneno yako. Wenyeji walicheka.

Mlingoti ukasimama, Mwanasha akapanda kwenye winchi. Mutua alikaa pale anapoonekana vizuri na kuinua mikono yake. Kijana wao wa spana, Salim, mume wa mtu na baba wa watoto, alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa kisima akifungua mabomba yanapofika juu. Kila bomba likipanda, kibano kinalibana lililo chini yake lisirudi shimoni, Salim anafungua, la juu linawekwa pembeni. Nilitazama mikono ya Salim, nikamtazama mwanangu. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesoma.

Hapo ndipo shemeji alipofika. Amechelewa, pikipiki ya kukodi imemharibikia njiani, kanzu ina vumbi, na hasira zake za njiani amekuja nazo. Hakusikia tangazo la salamu. Alisimama kwenye kamba, akaita kwa ile sauti yake.

"Mwanasha!"

Mwanasha hakugeuka.

"Mwanasha, mimi babako niko hapa. Huniamkii?"

Winchi tu ndiyo inayonguruma. Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja nyuma yangu akaguna. Wewe unajua jambo hilo lina uzito gani kwetu: mtoto ameitwa na mkubwa wa babake mbele za watu, na amenyamaza. Shemeji alinigeukia, macho yamemtoka.

"Shemeji, ndivyo ulivyomlea mtoto wa marehemu? Mwite aniamkie."

Na mimi, mume wangu, mdomo wangu ulishafunguka. Maneno "Mwanasha, muamkie babako" yalikuwa yamefika kwenye meno. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyomlea yeye. Kisha nikakiona kile kitanda cha hospitali na yule mzee juu yake, anauliza habari za shamba. Nikaufunga mdomo. Nikamshika shemeji mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe kwenu, nikamwambia, "Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Subiri tu, shemeji yangu. Nakuomba."

Sikuwa nimemwachilia mkono bado wakati kile kibano kilipoteleza. Nilisikia mlio kama wa sufuria kuburutwa sakafuni. Mabomba yote yaliyokuwa chini yakashtuka, na Salim mikono yake ilikuwa pale pale, katikati. Mutua alikunja ngumi juu, ishara ya simama. Kabla mimi sijajua kuwa amekunja, winchi ilikuwa imesimama. Waya ukatetema, ukatulia. Salim akachomoa mikono yake, akarudi nyuma kwa makalio, akaitazama, huu na huu, kama amekabidhiwa mikono ya mtu mwingine.

Mwanasha hakushangilia wala hakumtazama Salim. Macho yake yalikuwa bado kwenye ile ngumi ya Mutua, anasubiri ifunguke.

Walikifunga kibano upya, wakaendelea pole pole mpaka pampu ikatoka, nyeusi, imejaa matope. Wakarudisha nyingine. Maji yalipotoka akina mama walipiga vigelegele, na hata hapo mwanao hakuinua kichwa, mpaka mlingoti ukalala na Mutua akafungua kamba.

Ndipo aliposhuka. Alikuja moja kwa moja kwa baba yake mkubwa, mikono imejaa grisi, akampa kifundo cha mkono asimchafue.

"Shikamoo, baba."

Shemeji alikishika kile kifundo. Alimtazama Salim, aliyekuwa amekaa chini ya lori anakunywa maji. Akamtazama tena Mwanasha.

"Marahaba," alisema. Kisha akakohoa. "Na huko kwenye mafuta unakotaka kwenda, kuna watu wengi wa kusalimia?"

"Wachache, baba. Mchanga na ngamia."

"Basi nenda huko," shemeji akasema. "Ukibaki hapa kwetu, na wazee tulivyo wengi, iko siku salamu zetu zitaua mtu."

Mutua ndiye aliyecheka kwanza, halafu sote, na Salim naye, huku maji yanamtoka puani. Mwanasha hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa bado anangoja neno langu, kwa maana ndilo aliloliomba.

Nilimwambia, "Nenda, mwanangu." Sikuongeza kitu. Nilikuwa nimebeba hofu hii kwa muda mrefu kiasi kwamba ilipotoka nilijisikia njaa. Njaa tu. Nikaomba muhogo kwa wenyeji, nikala nimesimama.

Usidhani sasa siogopi kabisa. Lori la huko ni kubwa, mabomba ni mazito, na mimi ni mama. Lakini hofu hii ni ya saizi yangu, naiweza. Zamani nilikuwa naogopa kuwa wema wake utamponza, kwamba siku moja mtu atamwita kwa upole naye atageuka, kama wewe. Sasa nimemwona akiitwa kwa ukali na mtu anayemheshimu, mamake akiwa pembeni, na hakugeuka.

Juzi nilimpigia simu mchana, ikaita mpaka ikakatika. Zamani ningevaa buibui nikaenda kwa jirani kulia. Nilisema moyoni, yuko kazini, nikaweka maharagwe jikoni. Jirani akaniuliza, "Mwanao hapokei simu na wewe unaimba?" Sikuwa najua kama naimba.

Lala salama, rafiki yangu wa siku zote. Mungu akulaze pema, na vidole vyako vyote akurudishie.

Mkeo,
Mama Mwanasha